ISTILAHI KINYWANI MWA MHUSIKA: RIWAYA ZA KARIBUNI NA MAJINA YA MAMBO YALIYOMO

Utangulizi

Wahakiki wetu wamezoea kuingia katika riwaya kama mkaguzi wa hesabu anavyoingia ofisini. Hutafuta dhamira, huorodhesha wahusika, hupima msuko na mandhari, kisha huandika taarifa. Kazi hiyo ina manufaa yake, na ufundishaji wa fasihi shuleni hauwezi kuendeshwa bila ya hiyo. Lakini jambo moja aghalabu hukosekana katika taarifa, nalo ni kwamba watu husoma riwaya kwanza kabisa kwa sababu ni tamu. Orodha zetu za istilahi za fasihi zina maneno ya kutosha ya kueleza jinsi kazi ilivyojengwa, na machache mno ya kueleza jinsi inavyoonjwa. "Taharuki" limekwisha kukubalika, nalo ni neno jema. Baada ya hilo mhakiki hubaki kusema kwamba riwaya "inavutia", na msomaji hubaki kujiuliza inamvuta wapi.

Makala haya yanazungumzia riwaya chache ambazo mwandishi wake amezisoma kwa raha, kuanzia riwaya za kihistoria hadi riwaya ya vijana inayosimulia mahaba baina ya binadamu na kiumbe asiye binadamu. Baadhi zimeandikwa kwa Kiswahili, nyingine kwa Kiingereza. Makusudio si kuzisifu tu. Ni kutoa hoja moja inayowahusu wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaotegemea maneno yanayosanifiwa: kwamba riwaya ni mahali ambapo istilahi hupimwa kwa ukali kuliko mahali pengine popote. Neno laweza kupita katika kamati, likachapishwa katika orodha na kufundishwa darasani. Lakini iwapo msichana wa miaka 17 hawezi kulitamka ndani ya hadithi bila ya msomaji kucheka mahali pasipo na kichekesho, neno hilo bado halijapata makazi katika lugha.

Riwaya ya kihistoria: kila neno na wakati wake

Jina "riwaya ya kihistoria" limezoeleka na halina ugomvi. Tena jambo lenyewe si geni kwetu. Kabla ya riwaya kuandikwa kwa Kiswahili, watu wa pwani walikuwa wakisimulia mambo ya kale katika habari, kama zile za Pate, na katika tenzi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi vya kuitwaa Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga wa Vita vya Maji Maji. Msomaji wa Kiswahili, basi, alikuwa amekwisha kuzoea kusikia historia ikisemwa kwa sauti ya mtu. Kitu ambacho riwaya imeongeza ni maisha ya ndani ya watu ambao tarehe haikuwataja kwa majina. Shafi Adam Shafi katika Kuli (1979) anatupeleka kwenye bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948, na anaitazama bandari hiyo kwa macho ya mchukuzi wa mizigo, si kwa macho ya mwenye meli. Katika Vuta N'kuvute (1999) anarudi kwenye Zanzibar ya miaka ya 1950, na safari hii anaingilia mlango wa ndoa ya Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Siasa ya wakati ule tunaijua kwa sababu tumekwisha kumjua Yasmin.

Raha ya riwaya za namna hii hutokana kwa kiasi kikubwa na maneno. Msomaji hufurahi kukutana na neno lililozeeka likiwa bado linafanya kazi yake. Na hapo ndipo penye hatari kwa mwandishi wa leo. Tuchukue neno "hela". Asili yake ni sarafu ya Wajerumani, heller, iliyoanzishwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904. Mwandishi anayesimulia msafara wa mwaka 1885 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora, kisha akamfanya mpagazi adai hela zake, amempa mpagazi huyo fedha ambayo haijatengenezwa bado. Hali kadhalika "shule", neno lililotokana na Kijerumani: mtoto wa pwani wa mwaka 1880 alikwenda chuoni kwa mwalimu wake, hakwenda shule. Na mzee wa Kilwa wa mwaka 1905 angemwita mtawala wake Mdachi. "Mjerumani" kinywani mwake lingesikika kama neno la mwanafunzi aliyetoka kufanya mtihani wa historia.

Makosa haya si ya waandishi peke yao. Kamusi zetu hutaja maana ya neno, na pengine lugha lilikotoka, lakini ni nadra kutaja wakati lilipoingia. Mwandishi anayetaka kuwa mwaminifu hana pa kuuliza. Yatupasa tukumbuke kwamba istilahi, kama mtu, ina mwaka wa kuzaliwa, na riwaya ya kihistoria ndiyo inayoudai mwaka huo.

Mfano mwingine ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1994. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliiandika kwa Kiingereza, lakini watu anaowasimulia si wasemaji wa Kiingereza. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota walichapisha tafsiri yake, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Tafsiri ya namna hii ina tabia ya pekee, maana mfasiri huwarudishia wahusika lugha ambayo msomaji alikwisha kuisikia chini ya ile ya kwanza. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Mahali ambapo lugha nyingine huhitaji sentensi kadhaa kueleza hali ya mtoto aliyetolewa badala ya deni, Kiswahili kina neno rehani, na kila mwenye kuweka pete yake dukani kwa mkopo analielewa.

Lakini Kiswahili nacho hudai malipo. Yusuf amezoea kumwita Aziz kwa jina la heshima apewalo ndugu wa wazazi, mpaka Khalil, kijana aliyemtangulia dukani, anamkanya na kumwambia kwamba huyo si jamaa yake. Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wa kiume wa baba na wa mama. Kiswahili humlazimisha mfasiri achague: ami, au baba mdogo, au mjomba. Ami na baba mdogo ni wa ukoo wa baba na wana mamlaka juu ya mtoto. Mjomba ni wa upande wa mama, na kwa makabila mengi ana haki na mizaha yake ya pekee. Undugu wa uongo ndio moyo wa riwaya hii, na uongo huo hubadilika kwa kadiri ya neno litakalochaguliwa. Hapa hakuna orodha ya istilahi iwezayo kumwamulia mfasiri. Lililo muhimu ni kwamba lugha imempa maneno matatu ya kuchagua, na kila moja lina uzito wake.

Mtunza muhuri na neno "yeye"

Tutoke sasa pwani twende Uingereza ya karne ya 16. Wolf Hall ya Hilary Mantel, iliyopata Tuzo ya Booker mwaka 2009, inasimulia maisha ya Thomas Cromwell, mtoto wa mfua chuma wa Putney aliyepanda hadi kuwa mtu wa karibu kabisa na Mfalme Henry wa Nane. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 2012 na kupata tuzo ile ile. Ya tatu ilikamilisha hadithi mwaka 2020. Ni vitabu vinene, na utamu wake ni wa ajabu: msomaji anajua tangu mwanzo kwamba Cromwell atakatwa kichwa mwaka 1540, na bado anafungua ukurasa unaofuata akitumaini kwamba pengine safari hii atanusurika.

Mtumishi wa serikali atakayevisoma atajikuta nyumbani. Cromwell si shujaa wa vita. Silaha zake ni barua, daftari, na kumbukumbu isiyosahau deni la mtu. Lakini vyeo vyake tuviite nini? Alikuwa katibu wa mfalme, kisha mtunza muhuri wake. Tukimwita "Katibu Mkuu", msomaji wa Tanzania atamwona ameketi wizarani Dodoma na faili mbele yake. "Karani" ni dogo mno. "Waziri" lina manufaa zaidi, kwa kuwa kabla ya kuwa cheo cha Baraza la Mawaziri lilikuwa cheo cha msiri wa sultani, na msomaji wa hadithi za Alfu Lela Ulela anamjua waziri wa namna hiyo, mwenye akili kuliko bwana wake na shingo iliyo hatarini kila siku. Kwa cheo cha pili, "mtunza muhuri" latosha. Linaeleza kazi bila ya kuazima ofisi ya leo. Kanuni inayojitokeza ni kwamba cheo cha kale kifasiriwe kwa kazi yake, kisilinganishwe na cheo cha leo kwa sababu tu majina yanafanana.

Tatizo kubwa zaidi ni la kisarufi. Mantel humtaja Cromwell kwa kiwakilishi cha mwanamume bila ya kumtaja jina, hata pale wanaume wanapokuwa watano chumbani. Wasomaji wengi walilalamika kwamba wamepotea, na katika sehemu ya pili alizoea kuongeza jina la Cromwell baada ya kiwakilishi. Mfasiri wa Kiswahili ana shida iliyo kubwa zaidi, maana kiambishi "a-" ni cha mfalme, cha malkia, cha mtumishi na cha mbwa wa malkia. Anne Boleyn na Cromwell wakiingia chumbani pamoja, sarufi yetu haiwatofautishi hata kidogo.

Hata hivyo lugha iliyotunyima msaada huo imetupa mwingine. Kwa Kiswahili, "yeye" si lazima katika sentensi. Tunalitumia tunapotaka kumwonyesha mtu kwa mkazo. Mfasiri angeweza kuliweka wakfu neno hilo kwa Cromwell peke yake. Wengine wote waje kwa "a-" na kwa majina yao. Atakapotajwa "yeye", msomaji ajue ni nani. Baada ya kurasa kumi msomaji angekwisha kuzoea, na baada ya mia angesikia katika neno hilo dogo nguvu za mtu ambaye hahitaji kutajwa. Faida za namna hii hazionekani katika kitabu cha sarufi. Huonekana pale tu riwaya inapoisukuma lugha hadi kwenye ukuta.

Mahaba ya ghaibu: aina isiyo na jina

Kutoka katika baraza la mfalme hadi katika shule ya sekondari ya Marekani ni safari ndefu, lakini swali ni lile lile la kuita vitu kwa majina. Mwaka 2005 Stephenie Meyer alitoa riwaya iitwayo Twilight, ya kwanza kati ya nne zilizofuatana hadi mwaka 2008. Bella, msichana wa miaka 17, anahamia kwa baba yake katika mji mdogo wa Forks, wenye mvua nyingi, jimbo la Washington. Huko anampenda Edward, mwanafunzi mwenzake, ambaye sura yake ni ya kijana na umri wake si wa kijana. Mwaka 1918 Edward alikuwa akifa kwa homa ya mafua makali huko Chicago, na daktari aliyeitwa Carlisle alimgeuza kuwa kiumbe kama yeye, anayeishi kwa kunywa damu. Jamaa hiyo imejiapiza kunywa damu ya wanyama tu. Msiba wa Edward ni kwamba harufu ya damu ya Bella humtamanisha kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Watu wazima wengi huidharau riwaya hii, na kasoro zake ni wazi. Inarudia sifa za uzuri wa kijana huyo mpaka msomaji achoke. Pia Edward huingia chumbani kwa msichana usiku kumtazama amelala kabla hajapewa ruhusa yoyote. Mwalimu atakayeisoma na wanafunzi wake ana wajibu wa kuwauliza kama jambo hilo ni mapenzi au ni uvamizi. Lakini mwandishi wa makala haya hawezi kukana kwamba aliisoma mpaka mwisho. Utamu wake ni utamu wa kujizuia. Edward anafunga saumu isiyo na magharibi, na chakula kimeketi karibu naye katika somo la elimu ya viumbe. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa taharuki ya namna hiyo.

Aina hii ya riwaya tuiite nini? "Riwaya ya mapenzi" ni pana mno, kwani "mapenzi" ni pamoja na mapenzi ya mama na mapenzi ya Mungu. "Mahaba" ni bora. Ni neno la mtu na mpenzi wake. Upande wa pili ndio mgumu. "Mahaba ya ajabu" halifai, kwa kuwa kila mwenye kupenda huona mahaba yake ni ya ajabu. "Mazingaombwe" hunuka kiinimacho cha uwanjani. "Muujiza" ni wa dini. Kuna neno "ghaibu", lenye maana ya mambo yaliyofichika kwa macho ya binadamu, na "mahaba ya ghaibu" husikika vizuri masikioni. Litapingwa na wenye kusema kwamba siku hizi "ughaibuni" ni ng'ambo, na kwamba mwanafunzi atadhani ni riwaya ya barua za mpenzi aliyeko Ulaya. Pingamizi hilo ni la haki, lakini muktadha hulitatua: hakuna awezaye kufika ukurasa wa ishirini na bado akadhani Edward ameondoka kwa viza.

Jina la mwenye kunywa damu

Jina la kiumbe mwenyewe lina uzito zaidi. Fasihi ya Ulaya imekuwa naye kwa muda mrefu, na Dracula ya Bram Stoker ya mwaka 1897 ndiyo iliyomtangaza kuliko zote. Kwetu, kila neno linalojitokeza kuwa mbadala limekwisha kuajiriwa mahali pengine.

La kwanza ni "mumiani". Asili yake ni jina la Kiajemi la dawa nyeusi kama lami, na katika masikio ya watu wa Afrika Mashariki likaja kuwa jina la damu ya watu na la wanaoichukua. Wakati wa ukoloni, kutoka Mombasa hadi Kampala na hadi Kongo, zilienea habari za watu wanaokamatwa usiku na kutolewa damu. Mahali pengine walioshukiwa walikuwa wazimamoto, na pengine watu wa hospitali. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, na akaonyesha kwamba si upuuzi wa wasiojua, bali ni namna watu walivyozungumza juu ya utawala uliowashika. Lililo muhimu kwetu ni hili: mumiani ni mwajiriwa. Ana gari, ana mshahara, ana bwana anayempelekea damu. Hapendi mtu wala hajizuii. Na katika Twilight Carlisle ni daktari wa hospitali. Mfasiri atakayemwita mumiani atakuwa, kwa neno moja, ameifufua hofu ya babu zetu mahali ambapo mtunzi alikusudia kuonyesha wema.

La pili ni "mnyonya damu". Lingekuwa wazi kabisa kama si historia yetu ya siasa. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnyonyaji ni yule anayeishi kwa jasho la wengine. Kupe ni ndugu yake, na mirija ni vyombo vyake. Msichana wa Kitanzania akisema "nampenda mnyonya damu", mzee aliyehudhuria mikutano ya miaka hiyo atadhani amechumbiwa na mwenye nyumba za kupangisha.

La tatu ni "jini", na hasa yule aitwaye jini mahaba, anayesemwa pwani kuwa humpenda binadamu, humwonea wivu na kumvurugia ndoa. Kwa kazi anayoifanya hadithini, huyu ndiye jamaa wa karibu wa Edward kuliko wote. Lakini jini ni umbo jingine. Hakupata kuwa mtu, wala hakuugua homa Chicago. "Mzimu" nao ni wa marehemu, tena ni jina la mahali pa matambiko pia, kama asomaye Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) anavyojua: humo mzimu ni mahali maiti ilipokutwa, na Bwana Msa anaufumbua kwa akili, si kwa ubani. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) humleta marehemu kuja kumhoji mjukuu wake, nalo ni jambo la hesabu baina ya vizazi, si la mahaba.

Kwa hiyo mwenye kufanana na Edward kwa chakula ni mumiani, na mwenye kufanana naye kwa mahaba ni jini. Tukitafuta neno moja la Kiswahili kwa neno moja la kigeni, tutakosea kwa vyovyote vile. Vijana wanaotazama filamu husema "vampaya" na huelewana. Pendekezo la mwandishi ni kulikubali neno hilo, liwe katika upatanisho wa A-WA: vampaya huyu, vampaya hawa. Tena riwaya yenyewe inatoa msaada. Humo Bella huambiwa kwanza habari za viumbe hawa na Jacob, kijana wa watu wa Quileute, ambao katika hadithi huwaita kwa jina lenye maana ya wenye baridi. Basi "wale wa baridi" liwe jina linalosemwa kwa hofu ufukweni, na "vampaya" liwe lile ambalo Bella analipata baadaye anapotafuta maelezo katika kompyuta. Neno la kukopa na neno la kienyeji yatagawana kazi kama yanavyogawana katika maisha.

Upatanisho nao unaweza kufanya kazi ambayo lugha nyingi haziwezi. Tunasema "jini lile" tunapoogopa na "jini yule" tunapomhesabu kuwa na nafsi. Msimulizi stadi angeanza kwa "lile", na siku ambayo msichana anaanza kupenda, bila ya kutangaza lolote, angesema "yule". Msomaji angejua kabla ya msichana mwenyewe kujua.

Mbwa mwitu na baba aitwaye kwa jina

Jacob na wenzake hugeuka mbwa mwitu. Neno hilo lilipewa mnyama wa Ulaya na wafasiri wa Biblia. Katika mbuga zetu mbwa mwitu ni mnyama mwingine, mwenye mabaka, anayewinda kwa kundi. Kwa hadithi hii tofauti hiyo haidhuru sana. Linalodhuru ni kishawishi cha kumleta mnyama wa kwetu badala yake. Katika nchi ya Wanyaturu, Singida, watu waliuawa miaka ya 1946 na 1947 katika mauaji yaliyosemwa kuwa ya simba-watu, na kesi zake zilifika mahakamani. Neno lenye makaburi ya kweli nyuma yake lisitumiwe kwa pambo. Na hao watu wa Quileute nao ni watu wa kweli, wakaao La Push, wenye masimulizi yao ya kale ya kutokana na mbwa mwitu. Kuwageuzia mnyama ni kuwapokonya asili yao mara ya pili.

Jambo la mwisho ni dogo kwa sura. Bella, anaposimulia, humtaja baba yake kwa jina, Charlie, ingawa mbele yake hulazimika kumwita baba. Kwa Kiingereza jambo hilo huonyesha tu kwamba wawili hao hawajazoeana. Kwa Kiswahili, binti anayemtaja baba yake kwa jina tupu katika kila ukurasa atachukiwa kabla hajapendwa na yeyote. Mfasiri aamue: ama amwache asikike mtovu wa adabu, ama aandike "baba" na kupoteza ule umbali. Pengine "mzee" lingefaa, kwa kuwa lina heshima na ubaridi pamoja.

Hitimisho

Mapendekezo ya makala haya ni manne. Kwanza, kamusi zetu zianze kutaja, kila inapowezekana, kipindi ambacho neno liliingia au lilitoka. Pili, vyeo vya kale vifasiriwe kwa kazi zake. Tatu, majina ya viumbe wa hadithi yasipangwe katika safu mbili zinazotazamana, neno kwa neno, bali kila jina liandikwe pamoja na maelezo ya kazi yake na historia yake. Nne, kila orodha ya istilahi za fasihi, kabla ya kuidhinishwa, ipewe mtunzi mmoja na mwalimu mmoja, wayatie maneno hayo katika mazungumzo ya wahusika na kuleta matokeo.

Jambo linalogombewa hapa ni zaidi ya maneno. Kijana anayesoma mahaba na hofu kwa Kiingereza tu atajifunza kupenda na kuogopa kwa Kiingereza, na Kiswahili kitabakia kwake kuwa lugha ya mtihani na ya tangazo la mkutano. Riwaya tamu ndiyo inayomrudisha, na haiwezi kuwa tamu kama maneno yake yanamkwama mhusika kooni. Wasomaji wenye mapendekezo juu ya "mahaba ya ghaibu", "vampaya", au maneno yaliyo bora kuliko hayo, wanaombwa wayalete pamoja na sentensi moja ambayo mhusika angeweza kuisema.